Fidia ya Ugonjwa wa Asbesto Kazini: Maswali Tunayoulizwa Kila Mara

Wengi wanaotujia ni wazee waliostaafu karakana, bandarini au viwandani, wamebeba bahasha kubwa ya picha za kifua na hawajui waanzie wapi. Wengine ni watoto wao. Majibu haya yanahusu sheria za Kenya na Tanzania Bara, na mwishoni tumegusa Uingereza na Marekani kwa walio huko. Ukiwa umepata jibu la daktari hivi karibuni, ruka moja kwa moja hadi swali la 8, kisha urudi juu.

## Mambo ya mwanzo

1. Asbesto ni nini, na mimi ningekutana nayo wapi?

Ni madini yenye nyuzi nyembamba kuliko unywele, yasiyoungua na yasiyopitisha joto kirahisi. Kwa hiyo yalipachikwa kila mahali penye moto au msuguano: yalivikwa mabomba ya mvuke na boila, yalitiwa kwenye gasketi, lainingi za breki na klachi, vyumba vya injini za meli, mabehewa ya reli, na kuchanganywa na saruji kutengeneza mapaa na mabomba ya maji.

Usitafute jina lake kwenye karatasi zako, halimo. Jiulize kazi yenyewe ilikuwaje. Je, ulibandua ule unga mweupe uliokauka kama chokaa juu ya bomba la mvuke ili fundi aone panapovuja? Ulipuliza ngoma za breki kwa kompresa, vumbi likakurudia usoni? Ulikata shiti za paa kwa grainda? Basi huenda ulikutana nayo. Waliofagia baada ya fundi kuondoka nao wamo. Mara nyingine walivuta vumbi kuliko fundi mwenyewe.

2. Niliacha kazi hiyo zaidi ya miaka 25 iliyopita. Mbona naugua leo?

Hivyo ndivyo ugonjwa huu ulivyo. Nyuzi zikishaingia ndani kabisa ya mapafu hazitoki wala haziozi. Makovu ya mapafu huonekana baada ya miaka 10 au 20, na saratani ya utando wa mapafu mara nyingi huchukua miaka 30 hadi 40. Mtu alishika boila akiwa kijana, akaugua akiwa babu. Kuchelewa huko peke yake hakuliui dai lako, ila kunafanya karatasi zipotee na mashahidi wazeeke. Tazama swali la 11.

3. Ni magonjwa gani hasa yanayohesabiwa?

Asbestosisi, yaani makovu yanayoyakausha mapafu hadi mtu anahema kwa kupanda ngazi tatu. Mesothelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo, ambayo karibu kila mara inapotokea asbesto huwa nyuma yake. Saratani ya mapafu yenyewe, na ya koo la sauti. Shirika la Kazi Duniani, ILO, limeweka asbestosisi na saratani zinazosababishwa na asbesto kwenye orodha yake ya magonjwa ya kazini ya mwaka 2010.

Kuna pia mabaka magumu kwenye utando wa mapafu. Mengi hayaumi wala hayazuii kazi, lakini ni alama kwamba asbesto iliingia. Ukiambiwa unayo, iweke picha hiyo vizuri hata kama leo hujisikii mgonjwa.

4. Hospitali ilinitibu kifua kikuu mara mbili na bado nakohoa. Inawezekana si TB?

Inawezekana, na hilo tumeliona zaidi ya mara moja. Kwetu mtu akikohoa muda mrefu na kukonda, jambo la kwanza kila mtu analowaza ni TB, na kweli mara nyingi ndiyo. Tatizo ni pale makohozi yanapopimwa, bakteria wasionekane, kisha mgonjwa akamaliza miezi 6 ya dawa na picha ya kifua ikabaki vilevile.

Mzee mmoja, fundi wa boila, alikuja na kadi mbili za dawa za TB zilizokwisha kujazwa hadi kisanduku cha mwisho. Hakuna daktari aliyemuuliza alikuwa akifanya kazi gani. Alipoulizwa alijibu neno moja tu, "mvuke", na hapo ndipo alipopelekwa kupimwa kwa CT, mashine inayopiga picha za kina za ndani ya kifua. Ukiingia kwa daktari, usisubiri kuulizwa. Mwambie kazi yako kabla ya kumwambia kikohozi chako.

## Dai lenyewe

5. Lazima nithibitishe kwamba mwajiri alikosea?

Hapana. Kenya kuna Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA. Tanzania Bara kuna Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Zote mbili hazitafuti mwenye kosa. Unachopaswa kuonyesha ni kwamba ulikuwa mwajiriwa, unaumwa ugonjwa huo, na umetokana na kazi. Hata kama mwajiri alikupa barakoa na wewe ukaivua kwa joto, dai halifi kwa hilo.

6. Kenya, naanzia wapi?

Mwarifu mwajiri, au mwajiri wako wa zamani, kwa maandishi. Kwa mdomo sheria inakubali, lakini maneno hayana nakala. Yeye ndiye anayepaswa kupeleka taarifa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, na fomu inayotumika ni DOSH/WIBA 1, ambayo daktari naye hujaza sehemu yake. Mkurugenzi akishapima, hutoa hesabu ya fidia inayodaiwa kwa mwajiri au kampuni ya bima, maana kila mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi.

Mwajiri akikaa kimya, nenda mwenyewe kwenye ofisi ya kaunti ya DOSHS, yaani idara ya huyo Mkurugenzi, ukiwa na nakala ya barua uliyomwandikia, yenye mhuri wa kupokelewa. Mhuri huo ni muhimu kuliko ufasaha wa barua. Karani akisema "acha hapo mezani", mwombe kwa upole apige mhuri kwenye nakala yako.

7. Na Tanzania Bara?

Dai linakwenda WCF, mfuko ulioanza kazi Julai 2015 na unaochangiwa na waajiri peke yao. Mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwajiri ndiye anayeanza kwa kutoa taarifa, lakini asipofanya hivyo mfanyakazi au ndugu zake wasikae wakimsubiri. Kama mwajiri hakujisajili, hilo ni kosa lake na si lako, peleka taarifa. Zanzibar haimo kwenye mfuko huu, ina sheria yake.

Kwa walioshika asbesto miaka ya 1980 au 1990, kabla ya mfuko kuwepo, ushauri wetu ni mmoja: wasilisha dai ukitumia tarehe ugonjwa ulipogundulika, na kama litakataliwa, likataliwe kwa barua yenye sababu. Jibu la mdomo la dirishani huwezi kulikatia rufaa.

8. Nina muda gani?

Weka kichwani miezi 12. Tanzania Bara muda huo unahesabiwa tangu ugonjwa ugundulike, au tangu kifo. Kenya nako dai la WIBA lina miezi 12, na kwa ugonjwa unaojificha namna hii sisi tunaihesabu tangu siku daktari alipoutaja kwa jina. Ndiyo maana tarehe iliyo kwenye ripoti ya hospitali ni mali. Usiikunje ukaitia mfukoni mwa shati.

Kesi ya madai ya kawaida mahakamani ina muda tofauti. Tazama swali la 18.

9. Nitalipwa kiasi gani?

Kenya, ulemavu wa kudumu wa asilimia 100 hulipwa mapato ya miezi 96. Ukiwa na asilimia pungufu, unapata sehemu hiyo. Kwa mfano, aliyepimwa asilimia 40 na mshahara ukachukuliwa kuwa shilingi 30,000, hesabu ni 30,000 mara 96, kisha asilimia 40 yake: shilingi 1,152,000. Aliye nje ya kazi kwa muda hulipwa kwa kipindi kisichozidi miezi 12.

Tanzania Bara, ulemavu wa asilimia 30 kushuka chini hulipwa mkupuo mmoja, na unaozidi hapo huwa pensheni ya kila mwezi. Pia mfuko unagharimia matibabu na utengamao, na mgonjwa asiyeweza kujihudumia huwa na malipo ya anayemhudumia. Hili la mwisho familia nyingi hazilijui, na mke anaacha biashara yake miaka miwili kumwogesha mume bila kuliomba.

Kabla ya kufurahi au kulalamika, angalia mambo mawili kwenye barua: asilimia uliyopewa na mshahara uliotumika. Makosa mengi tunayoyakuta yako kwenye huo mshahara.

10. Siwezi kuacha haya yote nikaenda moja kwa moja mahakamani kumshtaki mwajiri?

Kenya, kwa kawaida hapana. Kifungu cha 16 cha WIBA kinamzuia mfanyakazi kumfungulia mwajiri kesi ya fidia ya jeraha au ugonjwa wa kazini. Njia ni kwa Mkurugenzi kwanza. Jambo hili lilibishaniwa zaidi ya miaka 10 hadi Mahakama ya Upeo ilipolimaliza tarehe 3 Desemba 2019 kwa kusema kifungu hicho hakivunji Katiba. Ukikutana na mtu anayekuahidi kesi ya haraka ya mamilioni dhidi ya mwajiri wako, muulize kuhusu hukumu hiyo kisha umtazame usoni.

## Ushahidi

11. Sina barua ya kazi, sina hati za mshahara, na ofisi yenyewe sasa ni maduka. Nifanyeje?

Anzia NSSF. Taarifa ya michango yako inaonyesha jina la mwajiri na miaka aliyokuchangia, na karatasi hiyo imewaokoa watu wengi kuliko barua yoyote ya ajira. Kisha tafuta nyumbani. Mzee mmoja wa Changamwe alisema hana kitu, akarudi wiki iliyofuata na kopo la Kimbo. Ndani yake mlikuwa na kitambulisho cha kazi chenye picha yake akiwa na nywele nyeusi, stakabadhi za chama cha wafanyakazi, na picha ya sherehe ya kumuaga fundi mwenzake, wote wamesimama mbele ya boila. Nyuma ya picha mtu alikuwa ameandika majina yote kwa kalamu ya wino.

Majina hayo ndiyo mashahidi. Watafute walio hai sasa hivi, na kila mmoja atoe hati ya kiapo inayosema mlifanya kazi idara gani, miaka gani, na vumbi lilitoka wapi. Mwambie aseme mambo kwa uwazi: "tulikuwa tukichanganya unga kwa maji ndani ya pipa kwa mikono, kisha tunaupaka bombani." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko kurasa mbili za "mazingira hatarishi".

12. Ripoti ya daktari inatakiwa isemeje?

Iseme ugonjwa kwa jina, tarehe ulipogundulika, vipimo vilivyotumika (picha ya CT, kipimo cha kupuliza pumzi, na kinyama, yaani kipande kidogo cha mwili cha kupimwa maabara, kama kilichukuliwa), historia yako ya kazi, na maoni yake kama ugonjwa umetokana na kazi hiyo. Ripoti nyingi huishia kwenye "ugonjwa sugu wa mapafu". Hiyo haitoshi. Mwandikie daktari ukurasa mmoja wa historia yako ya kazi, mwaka kwa mwaka, na umpe kabla hajaandika. Madaktari hawakatai kusaidiwa kazi.

13. Nilivuta sigara miaka mingi. Je, dai langu limekwisha?

La. Kwa asbestosisi na mesothelioma, sigara si chanzo kabisa. Kwa saratani ya mapafu, sigara na asbesto zikikutana huongezeana makali, hatari inakuwa kubwa mno kuliko ya kimoja peke yake. Upande wa pili watalitumia hilo, tarajia. Usifiche, ukikutwa umedanganya juu ya sigara, hata la boila halitaaminika.

## Mambo yanapokwama

14. Kampuni ilifungwa au iliuzwa. Namdai nani?

Tanzania Bara tazama swali la 7. Kenya, unayemtafuta hasa ni kampuni ya bima ya mwajiri wa miaka ile, kisha mrithi wa biashara. Jina la kampuni likibadilika bado rekodi zake huwa kwa Msajili wa Makampuni. Waulize pia makarani wa zamani wa mishahara. Karani anakumbuka bima iliyokuwa ikilipwa hata kama mkurugenzi kasahau.

15. Nilikuwa kibarua, nikilipwa kwa siku. Nahesabiwa?

Ndiyo, kama ulifanya kazi chini ya amri ya mwajiri. WIBA inatambua mkataba wa mdomo na malipo ya kutwa. Asiyeingia ni mkandarasi aliyejitegemea. Ugumu wa kibarua ni ushahidi, maana NSSF huenda haina jina lake, kwa hiyo viapo vya wenzake (swali la 11) ndivyo vinavyobeba mzigo wote.

16. Dai limekataliwa, au asilimia ni ndogo mno. Naweza kupinga?

Kenya una siku 60 za kupeleka pingamizi kwa Mkurugenzi mwenyewe. Anatakiwa akujibu kwa maandishi ndani ya siku 14, na usiporidhika una siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tanzania Bara unaanza kwa kuomba uamuzi wa Mkurugenzi Mkuu wa WCF upitiwe upya, na njia ya juu inafika hadi Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu.

Pingamizi bila ripoti mpya ya daktari ni malalamiko tu. Kama kifua kimezidi tangu upimwe, rudia kipimo cha pumzi kwanza.

17. Bado niko kazini. Nikidai si nitafukuzwa?

Kufukuzwa kwa sababu umedai haki yako si sababu halali ya kuachishwa kazi. Ikitokea, Tanzania Bara una siku 30 tu za kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kenya una miaka 3 kwenda mahakama ya ajira. Wakati huohuo omba kuhamishwa kutoka kwenye vumbi, kwa barua, ukiambatisha cheti cha daktari.

## Familia na wasioajiriwa

18. Sikuwahi kuajiriwa, ila nilikuwa nikifua ovaroli za mume wangu. Sasa naugua mimi.

Hili ni swali gumu na la haki. Nyuzi husafiri kwenye nguo, na dunia nzima wapo wake na mabinti waliougua kwa kukung'uta ovaroli uani kabla ya kuziloweka. WIBA na WCF hazikuhusu kwa kuwa hukuwa mwajiriwa. Lakini kwa sababu hiyohiyo, lile zuio la swali la 10 nalo halikuhusu: unaweza kufungua kesi ya uzembe mahakamani, ila huko itabidi uthibitishe kosa.

Muda ni miaka 3 Kenya na Tanzania pia. Sheria ya Kenya humruhusu asiyejua mambo ya msingi kuomba ruhusa ya mahakama nje ya muda, lakini asikae zaidi ya mwaka mmoja tangu ajue.

Wanaoishi jirani na kiwanda wako kundi hili pia. Mfano ulio karibu si wa asbesto bali wa madini ya risasi: wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, walishinda kesi mwaka 2020 na kupewa shilingi bilioni 1.3 kwa sumu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, na baada ya mzunguko mrefu wa rufaa Mahakama ya Upeo ikairejesha hukumu hiyo mwaka 2024.

19. Mzee amefariki. Dai linaendelea?

Linaendelea kwa wategemezi. Kenya wanaweza kulipwa hadi mapato ya miezi 96 pamoja na gharama za mazishi. Tanzania Bara kuna malipo kwa wategemezi na msaada wa mazishi.

Linaloumiza ni uchunguzi wa maiti. Watu wetu wa Pwani huzika siku hiyohiyo, na hakuna mtoto anayetaka baba apasuliwe. Ndiyo maana tunasisitiza kinyama kichukuliwe mgonjwa akiwa hai, kama daktari anaona ni salama. Ripoti hiyo ikiwepo, mara nyingi hakuna haja ya kugusa maiti. Angalia pia cheti cha kifo: kikiandikwa "homa ya mapafu" peke yake, mwombe daktari aliyemtibu aandike barua ya kueleza ugonjwa uliokuwa chini yake, mapema, akiwa bado anamkumbuka.

## Nje ya nchi

20. Kampuni mama iko Uingereza. Naweza kudai huko?

Wapo waliofanikiwa. Wachimbaji wa asbesto wa Afrika Kusini na jirani zao, takriban watu 7,500, waliifuata kampuni ya Cape hadi London. Julai 2000 mabwana wa House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, walikubali kesi isikilizwe Uingereza, kwa kuwa nyumbani wasingepata mawakili wala fedha za kuiendesha. Mwaka 2003 Cape ililipa pauni milioni 7.5. Gawanya kwa watu 7,500 uone. Wengine walikuwa wamekwisha kufa.

Usisahau upande wa pili. Wafanyakazi wa mashamba ya chai ya Kericho walikwenda mahakama ya Scotland kudai kwa maumivu ya mgongo, na mwaka 2023 majaji wa rufaa waliisimamisha kesi ili njia ya WIBA ijaribiwe kwanza nyumbani. Kwa hiyo hata ukiwaza London, fomu ya DOSH jaza sasa.

21. Nilifanya kazi Uingereza au Marekani, sasa nimerudi nyumbani au bado niko huko.

Sheria inayokuhusu ni ya kule ulikovuta vumbi. Uingereza muda wa kesi ni miaka 3 tangu ujue ugonjwa na chanzo chake, na mwenye mesothelioma asiyempata mwajiri wala bima yake anaweza kuomba kwenye mpango maalumu ulioanza 2014. Marekani muda hutofautiana jimbo kwa jimbo, mengi ni miaka 2 au 3 tangu ugonjwa ugundulike, na kampuni nyingi zilizofilisika ziliacha mifuko ya fidia. Wa kwanza kujulikana sana ni wa Johns-Manville, iliyoomba kufilisika mwaka 1982.

## La mawakili

22. Kuna mtu anataka asilimia 30 ya fidia yangu "ikitoka". Nikubali?

Dai la WIBA au WCF unaweza kulifungua bila wakili kabisa. Ukimhitaji, jua kwamba Kenya makubaliano ya wakili kulipwa pale tu kesi ikishinda hayana nguvu kisheria. Na wengi wanaokuja na ofa hii wala si mawakili, ni madalali wanaozunguka kliniki za kifua. Tafuta msaada wa bure: Kituo cha Sheria wana ofisi Nairobi na Mombasa, na Dar es Salaam kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LHRC. Karatasi zako za asili, pamoja na zile picha za kifua, zisitoke mkononi mwako kwa yeyote. Toa nakala.